Dinari za Plautilla: Ndoa Iliyobaki Kwenye Fedha

Sarafu yenyewe ni ndogo. Upana wake ni kama milimita 19, uzito wake gramu 3 na ushei. Upande wa mbele yupo msichana anayetazama kulia: mashavu yamejaa, shingo imenyooka, nywele zimelazwa kwa mawimbi na kufungwa fundo kisogoni. Herufi zinazomzunguka zinasomeka PLAVTILLAE AVGVSTAE. Ukiigeuza, unakuta mwanamume na mwanamke wamesimama wakitazamana, wameshikana mikono ya kulia, na maneno PROPAGO IMPERI yamewazunguka. Propago ni neno la wakulima. Ni kile kitawi cha mzabibu kinachozikwa udongoni ili kitoe mizizi na kuwa mche mpya. Kwa hiyo tuseme: "chipukizi la dola".

Ilipigwa chapa Roma mwaka 202 BK. Mwanamume ni Caracalla, mwana mkubwa wa Kaisari Septimius Severus, aliyekuwa na miaka 14 tu. Mwanamke ni Publia Fulvia Plautilla, binti wa mkuu wa walinzi wa Kaisari. Chipukizi halikumea. Kabla miaka mitatu haijatimia, ndoa ilikuwa imevunjwa na msichana amepelekwa uhamishoni kisiwani. Kabla ya kumi kutimia alikuwa ameuawa, na aliyetoa amri ni huyo huyo aliyemshika mkono kwenye fedha.

Wengi wakikutana na sarafu hizi hutoa hukumu ya haraka: huu ulikuwa uongo wa serikali. Mimi nimezikodolea macho kwa muda mrefu, kwenye picha za makumbusho na za minada, na sikubaliani na hukumu hiyo. Naona sarafu zilisema kweli. Ila hazikuwa zikizungumza habari za bwana na bibi harusi.

Wazee wawili wa Leptis Magna

Harusi hii haieleweki bila kuanza na wazee. Septimius Severus alizaliwa mwaka 145 Leptis Magna, mji wa bandari ulioko Libya ya leo. Gaius Fulvius Plautianus alitoka mji huo huo, na inaelekea walikuwa ndugu upande wa kikeni, kwa maana mama yake Severus aliitwa Fulvia Pia na jina Fulvius ndilo la ukoo wa Plautianus. Severus aliponyakua utawala mwaka 193 na kuwamaliza wapinzani wake mmoja baada ya mwingine, alihitaji mtu wa nyumbani wa kumlinda mgongo. Kufikia mwaka 197 hivi, Plautianus ndiye aliyekuwa mkuu wa kikosi cha walinzi.

Mengi tunayoyajua juu yake yametoka kwa Cassius Dio, seneta aliyeishi siku hizo hizo na aliyekula karamu ya harusi yenyewe. Dio hampendi Plautianus hata chembe, na hilo lizingatiwe unapomsoma. Anasema sanamu za mkuu huyu zilikuwa nyingi na kubwa kuliko za Kaisari mwenyewe, na zilisimamishwa na miji, na watu binafsi, na hata baraza la seneti. Anasema pia kwamba Severus aliwahi kuandika katika barua kuwa anampenda mtu huyu kiasi cha kuomba kwamba yeye mwenyewe, Severus, atangulie kufa.

Kuna jambo moja katika simulizi za Dio ambalo msomaji wa pande zetu hawezi kulipita. Plautianus alitamani kila kitu, anasema, akatuma maakida wa jeshi mpaka visiwa vya Bahari ya Erithrea wakamwibie farasi wa Jua, wenye milia kama simbamarara. Bahari ya Erithrea kwa watu wa kale haikuwa Bahari ya Shamu peke yake. Jina hilo lilitumika mpaka kwenye maji ya Bahari ya Hindi. Na farasi mwenye milia, mimi simjui mwingine zaidi ya punda milia. Fikiria basi: mzee wa Leptis Magna akiwa ameketi Roma, anaagiza punda milia kwa njia ya wizi, na hakuna wa kumuuliza.

Mtu wa namna hiyo ukimpa mwanao wa kiume amwoe bintiye, humpi zawadi. Unamfunga. Plautianus alikuwa na askari wenye silaha ndani ya mji, alikuwa na mali, alikuwa na masikio kila mahali. Kitu pekee alichokosa ni damu yake ndani ya nyumba ya utawala. Severus kwa upande wake alikuwa na hakika kwamba mkwe hawezi kumpindua mkwe mwenzake ikiwa mjukuu ni wa wote wawili. Huyo mjukuu ndiye propago.

Aprili 202

Severus alirejea Roma kutoka mashariki katika mwaka wa kumi wa utawala wake. Aligawa dhahabu kwa wananchi waliokuwa wakipokea nafaka ya bure na kwa walinzi wake, kila mtu vipande kumi, kimoja kwa kila mwaka. Dio anataja jumla ya dinari milioni 50, na anasema hakuna Kaisari aliyewahi kugawa kiasi hicho kwa mkupuo. Palikuwa na michezo ambamo jengo lenye umbo la meli lilifumuka ghafla katikati ya uwanja, likamwaga dubu, simba, chui, mbuni na punda mwitu. Wanyama 700 waliuawa kwa siku saba.

Harusi ilifungwa katikati ya vurugu hiyo. Kwetu mahari hutoka kwa mwanamume. Kule ilikuwa kinyume, baba wa binti ndiye aliyempa mume mali. Vitu vya Plautilla vilibebwa hadharani kupitia Forum, uwanja mkuu wa mji, kwenda jumba la Kaisari, na Dio, aliyekuwa akitazama, anasema vilitosha wanawake hamsini wa kifalme. Kwenye karamu walipewa nyama za kupikwa kwa desturi ya wafalme, na kando yake nyama mbichi na wanyama hai, kwa desturi aliyoiita ya kishenzi. Baadaye, baba mtu alipokwisha kufa, likajulikana jambo baya zaidi: alikuwa amewahasi raia huru wa Roma wapatao mia moja, wakiwemo watu wazima wenye wake zao, ili binti yake ahudumiwe na kufundishwa muziki na matowashi peke yao.

Hao matowashi mia, sarafu haiwataji.

G mbili

Sasa tuzisome sarafu kama zilivyo, maana hapo ndipo kisa kilipo.

Dinari ndiyo iliyokuwa fedha ya kila siku ya Waroma. Ni ile ile dinari tunayoikuta katika Injili, ujira wa kibarua wa shamba la mizabibu kwa siku moja. Ila dinari ya enzi za Yesu ilikaribia kuwa fedha tupu, na hii ya Severus ilikuwa imechanganywa na shaba mpaka fedha ikabaki takriban nusu. Severus alipandisha mshahara wa askari, na mshahara lazima utoke mahali. Ndiyo maana dinari za familia yake ni nyingi mno. Zilikwenda kambini kwanza, kutoka Britania mpaka mto Frati, kisha kwa wauza mvinyo na wauza viatu. Picha ya Plautilla iliingia katika mikono ya watu ambao wasingemwona maishani, na wengi wao wasingeweza hata kusoma jina lake. Mkono ulioshika mkono ulieleweka bila kusoma.

Sarafu za wanaume wa nyumba ya Kaisari mara nyingi hubeba hesabu ya miaka ya madaraka, kwa hiyo unaweza kuzipanga mwaka kwa mwaka. Za wanawake hazina hesabu hiyo. Mwanamke hakuwa na cheo chenye miaka ya kuhesabiwa. Wataalamu huzipanga kwa matukio na kwa mitindo ya nywele, na wapenzi wa sarafu wanaweza kubishana usiku kucha juu ya fundo la kisogoni. Kwa Plautilla mipaka iko wazi: haikupigwa hata moja kabla ya harusi ya mwaka 202, wala baada ya Januari 205.

Ndani ya miaka hiyo miwili na ushei jina lake linabadilika kidogo. Zile za mwanzo zinasema PLAVTILLAE AVGVSTAE, na kwa sarufi ya Kilatini hapo maana yake ni "kwa Plautilla Augusta", kama vile kitu kinachotolewa kwa heshima yake. Za baadaye zinasema PLAVTILLA AVGVSTA, "Plautilla Augusta", bila ile "kwa". Msichana alikwisha kuzoeleka, cheo kikawa chake.

Kwa upande wa pili, sarafu zake zilizoenea zaidi zinamwonyesha mungu wa kike Concordia, yaani Maelewano, akiwa ameshika kisahani cha sadaka na fimbo ya enzi. Maandishi ni CONCORDIA AVGG. Hapa naomba msomaji asimame. AVG ni ufupisho wa Augusto, cheo cha mtawala mkuu. Wachonga chapa wa Roma walipotaka kuonyesha kwamba maAugusto ni wawili, walirudia herufi ya mwisho: AVGG. Wakiwa watatu, AVGGG. Mwaka 202 maAugusto walikuwa wawili, Severus na Caracalla, ambaye alipewa cheo hicho mwaka 198. Geta, mdogo wake Caracalla, alikuwa bado na cheo cha chini cha "Caesar" tu, hajahesabiwa.

Kwa hiyo "Maelewano ya maAugusto wawili" ni maelewano ya baba na mwana. Plautilla yuko upande wa mbele, sura yake na jina lake, lakini katika zile G mbili hayumo. Amewekwa kuwa ushahidi wa makubaliano ya watu wengine. Baba na mwana wamekubaliana kumchukua, na babaye amekubali kumtoa. Ukiisoma hivyo, sarafu haina uongo wowote. Mwaka 202 makubaliano hayo yalikuwepo, na yalikuwa na thamani ya wanawake hamsini wa kifalme.

Ipo pia iliyoandikwa CONCORDIAE AETERNAE, maelewano ya milele, na wale wawili wameshikana mikono kama kwenye PROPAGO IMPERI. Hiyo sina utetezi nayo.

Miungu wa kuazima

Desturi ya kumweka mwanamke upande mmoja na mungu wa kike upande mwingine ilikuwa na umri mrefu. Kaisari Caligula, mwaka 37 au 38, aliwaweka dada zake watatu kwenye sarafu ya shaba wakiwa wamevaa alama za miungu watatu: Usalama, Maelewano na Bahati. Lakini aliyeipa Concordia uzito wa ndoa ni Kaisari Antoninus Pius. Mkewe Faustina alifariki mwaka 140, akatangazwa kuwa mungu, na mumewe akaendelea kupiga sarafu zenye sura yake kwa miaka yote iliyobaki ya utawala wake, za dhahabu, fedha na shaba, zenye Ceres, Vesta, Juno na Umilele. Mjini Ostia baraza liliagiza maharusi watoe sadaka mbele ya sanamu za wawili hao kwa sababu ya maelewano yao mashuhuri. Ndoa ya Kaisari ikawa kioo cha kila ndoa.

Severus aliitaka sana nasaba hiyo. Mwaka 195 alijitangaza kuwa mwana wa Marcus Aurelius, Kaisari aliyemrithi Antoninus Pius na aliyekwisha kufa miaka 15 nyuma, na mwanawe akaitwa rasmi Marcus Aurelius Antoninus. "Caracalla" ni jina la utani lililotokana na koti la Wagali alilopenda kuvaa. Kijana mwenye jina la Antoninus alipooa, sarafu zake zilipaswa kufanana na za Antoninus. Concordia aliazimwa kutoka huko, na mikono iliyoshikana vilevile.

Hapakuwa mbali na mfano mwingine, lakini huo hakuna aliyependa kuukumbuka. Crispina, mke wa Kaisari Commodus, aliolewa mwaka 178. Sarafu zake nazo zina CONCORDIA, na mikono iliyoshikana ipo. Alipelekwa kisiwani Capri na akauawa. Mtu aliyekuwa na miaka 40 siku ya harusi ya Plautilla aliwahi kuzishika hizo zote kwa mikono yake.

Sarafu nyingine ya Plautilla ina VENVS VICTRIX, yaani Venus Mshindi, mungu wa kike wa mapenzi. Venus yuko nusu uchi, ameshika tofaa na tawi la mtende, ameegemea ngao, na mwanawe Cupido, mungu mtoto wa mapenzi, amesimama miguuni pake na kofia ya vita. Hii ni picha nzuri kuliko zote alizopewa, na mchongaji wake alikuwa fundi kweli. Tofaa ni lile alilopewa Venus kwa kushinda shindano la uzuri, tawi ni la ushindi wa vita, na mtoto aliyebeba kofia ya chuma anasema kwamba mapenzi yamemvua askari silaha. Mzaha mtamu, kama ungehusu watu wengine.

Halafu ipo PIETAS AVGG: mungu wa kike wa Uchaji na wajibu wa kifamilia, ameshika fimbo, amebeba mtoto. Kwa ajili ya mtoto huyo wapo wanaosema kwamba Plautilla alizaa. Mimi naliona jambo hili kama kumwona bibi harusi amebebeshwa mtoto wa jirani kwenye picha na kudai kuwa ni wake. Mtoto ni pambo la Pietas, kama fimbo na kisahani vilivyo mapambo ya Concordia. Unampata pia kwenye sarafu za wanawake wengine wa Roma. Ilikuwa dua, na ilionyesha kazi aliyopewa. Na angalia tena G mbili: uchaji nao ni wa wale wale wawili.

Ndani ya jumba

Herodian, mwandishi mwingine wa zama hizo, anasema Caracalla alioa kwa kulazimishwa. Hakukaa naye mezani, hakulala naye. Alimchukia yeye na babaye, na kila mara alikuwa akitishia kuwaua wote wawili siku atakapobaki mtawala peke yake. Binti, kwa kweli, alikwenda kumweleza babaye. Ni nani asingefanya hivyo? Dio anamtaja kama mwanamke asiye na haya hata kidogo, bila kutueleza alifanya nini. Katika maandishi yote ya wakati huo hakuna sentensi hata moja iliyotoka kinywani mwa Plautilla.

Na mama mkwe? Julia Domna alikuwa Msiria wa Emesa, Homs ya leo, binti wa kuhani wa mungu Elagabal, na hakuna mwanamke wa Roma wa enzi yake aliyekaa kwenye fedha nyingi kuliko yeye. Sarafu zake ni kama gwaride la miungu wa kike: Venus, Juno, Vesta, Ceres, Diana, Cybele, hata Isis akimnyonyesha Horus. Tangu mwaka 195 aliitwa Mama wa Kambi. Lakini nyumbani Plautianus alimsumbua kupita kiasi. Alimsengenya kwa Severus, akamchunguza, akatesa wanawake wa kiungwana ili watoe ushahidi dhidi yake. Dio anasema ndiyo sababu Julia alijitia katika falsafa na kupitisha siku zake pamoja na wasomi.

Jaribu kuwaza kiti cha Plautilla katika nyumba hiyo. Mume amemsusa. Mama mkwe ana kila sababu ya kumwona kuwa jasusi wa adui yake. Mlinzi wake ni baba peke yake, na baba ndiye chanzo cha chuki yote. Nje ya kuta, karakana ya sarafu inagonga nyundo, Concordia juu ya Concordia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema "uongo". Uongo unahitaji anayejifanya kueleza hali ilivyo. Sarafu za Roma zilikuwa zikitangaza mipango. Mwaka 203 Plautianus alikuwa konsuli, cheo cha juu cha mwaka mmoja, pamoja na ndugu wa Severus, na mpango ulikuwa bado umesimama. Kwamba kijana mmoja wa miaka 15 hataki kula na mkewe halikuwa jambo la kuandikwa kwenye fedha, na pengine kwa Severus halikuwa hata jambo. Angekua, angezoea. Wazee wangapi wamewahi kulisema hilo.

Tarehe 22 Januari 205

Mwaka 204 ndugu huyo wa Severus, aliyeitwa Geta kama mpwa wake, alikuwa akikata roho. Kwa kuwa hakuwa na la kuogopa tena, alimweleza Kaisari yote aliyoyajua juu ya Plautianus. Tangu hapo Severus alianza kumpunguzia makali mkwe wake. Caracalla aliona mlango umefunguka.

Kwa msaada wa mlezi wake Euodus, aliwashawishi maakida watatu waseme kwamba Plautianus amewaagiza, wao na wenzao saba, wamwue Severus na mwanawe. Walileta hata karatasi. Plautianus akaitwa jumbani haraka, na walinzi wake wakazuiwa mlangoni. Severus alizungumza naye kwa upole, akamuuliza kwa nini ameamua kuwaua. Alipoanza kujitetea, Caracalla alimrukia, akampokonya upanga, akampiga ngumi. Alitaka kumwua kwa mkono wake. Baba akamzuia. Basi kijana akamwamuru mtumishi mmoja, na mtumishi akaua.

Kinachofuata katika Dio ni tukio fupi, na kwangu lina uzito kuliko karamu na punda milia na dhahabu yote. Mtu mmoja aling'oa nywele chache za ndevu za maiti, akazipeleka kwa Julia na Plautilla, waliokuwa wamekaa pamoja na hawajasikia lolote. Akasema: "Huyu hapa Plautianus wenu." Mmoja akajawa na furaha, mwingine na majonzi. Walikuwa chumba kimoja, mama mkwe na mkwe.

Maiti ilitupwa kutoka jumbani mpaka barabarani, na baadaye Severus akaruhusu izikwe. Mali iliyoachwa ilikuwa nyingi kiasi kwamba ilibidi awepo ofisa maalumu wa kusimamia mali ya Plautianus. Ndoa ikavunjwa. Plautilla na kaka yake wakapelekwa uhamishoni. Dio anataja kisiwa cha Lipari, Herodian anasema Sisili, na Lipari iko pale pale kaskazini mwa Sisili. Chapa zenye jina lake zikawekwa kando.

Aliishi huko miaka sita. Tarehe 4 Februari 211 Severus alifariki Eboracum, ambayo leo ni York nchini Uingereza. Dio anasema wosia wake kwa wanawe wawili ulikuwa na maneno matatu: pataneni, watajirisheni askari, wengine wote wadharauni. La kwanza, "pataneni", ni lile lile la Concordia, alilolipiga kwenye fedha kwa miaka. La pili walilitii. Caracalla akaamuru Plautilla na kaka yake wauawe. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo mdogo wake Geta aliuawa mikononi mwa mama yao. Zile G mbili za baba na mwana zilidumu kwa sababu baba alikuwa hai. Za ndugu na ndugu hazikufikisha mwaka.

Patasi na tanuri

Kilichofuata kwa wote, Plautianus, Plautilla na Geta, ni kufutwa. Majina yalikwanguliwa kwenye mawe kote katika dola. Juu ya Geta, Dio anasema Caracalla alizikasirikia hata nguzo zilizobeba sanamu zake, na sarafu zenye sura yake akaziyeyusha. Katika mji wa Stratonicea, Uturuki ya leo, sarafu kubwa za shaba zilizokuwa na nyuso mbili ziliguswa na patasi. Caracalla amebaki, na mbele yake pana pengo palipokuwa na Geta. Zipo ambapo aliyeng'olewa ni Plautilla.

Lakini dinari? Serikali ingewezaje kuzifuata? Zilikuwa mifukoni mwa askari, chini ya sakafu za nyumba, ndani ya vyungu vilivyozikwa wakati wa hofu. Askari aliyelipwa dinari ya Plautilla hakuona sababu ya kuitupa, fedha ni fedha. Na kwa lugha yetu sentensi hiyo inaeleweka mara mbili. Vyungu hivyo vimefukuliwa kwa karne nyingi, na ndiyo maana leo sura ya Plautilla si adimu. Makumbusho makubwa ya Ulaya yanazo, na minada inaziuza mwaka mzima. Geta naye, pamoja na tanuri la kaka yake, amejaa tele. Waliofutwa wanafahamika kwa uso kuliko maseneta wengi walioheshimiwa mpaka kufa kwao.

Kuna jiwe moja Roma linalofaa kusomwa sambamba na sarafu hizi. Karibu na kanisa la San Giorgio al Velabro, penye soko la kale la ng'ombe, limesimama lango dogo lililojengwa mwaka 204 na wafanyabiashara wa ng'ombe wakishirikiana na argentarii, yaani wabadili fedha. Hao ndio watu waliozishika dinari za Plautilla kila siku, wakazipima, wakaziuma, wakazihesabu. Walitaka kuiheshimu familia yote, kwa hiyo ndani ya lango, upande mmoja, walimchonga Severus, Julia na Geta, na upande wa pili Caracalla, mkewe na baba mkwe wake. Mwaka uliofuata patasi ikaanza kazi, na baada ya Geta kuuawa ikarudi tena. Hata maandishi ya juu yalikwanguliwa, na nafasi zikajazwa vyeo vya ziada vya waliobaki.

Leo ukisimama chini ya lango hilo unamwona Caracalla kwenye madhabahu, anamimina sadaka. Kando yake jiwe ni tupu, limeparwa, na ukilitazama vizuri unaona alama za chuma mahali aliposimama mtu.